Herufi za Kulala

Cansilde alikuja dukani kushukuru, na shukrani yake ndiyo iliyoleta balaa lote. Alikuwa mwuza vitenge aliyerudi zamani kutoka upande wa Goma, mama mnene mwenye maneno yanayokanyagana mlangoni yakitoka, na wiki hiyo alikuwa amemwoza mwanawe wa kwanza kule mtaani Nengo. Aliingia bila kubisha, akaweka mfuko wa maandazi juu ya meza ya Kadiri, mwandishi wa kadi, akashika kiuno.

"Papa Igihozo, mi nilikuja kusema merci, sababu ile kadi ya harusi ya Igor watu bote banaulizia ni nani aliandika, hata pasta aliiweka ndani ya Biblia yake, mi namwambia pasta, ile ni kadi, haiko neno ya Mungu, yeye anacheka tu."

Kadiri alicheka pia. Kisha akauliza, "Kadi gani, mama?"

Cansilde alidhani anataniwa. Akafungua pochi, akatoa kadi yenyewe, imeanza kukunjika pembeni kwa kuonyeshwaonyeshwa. Kadiri akavaa miwani.

Herufi zilikuwa zake. Gisenyi nzima hakukuwa na mtu mwingine wa kuziandika. Ziliinama kulia kidogo tu, kama mtu anayemsikiliza jirani yake kwenye benchi. Mstari wa kushuka ulikuwa mnene, wa kupanda mwembamba, na kila herufi ilivaa vile viatu vidogo vilivyochongoka, bila hata kimoja kupinda. Watu wa mjini waliziita herufi za kulala, na kwa watu wengi harusi isiyo na herufi za kulala za Kadiri ilikuwa bado haijatangazwa. Alizitazama sana. Zilikuwa zake, tena nzuri kuliko anavyoandika siku hizi. Ila kuliandika jina la Igor hakukumbuka hata kidogo.

"Hii sikuandika mimi," alisema.

Nyuma yake vidole viliacha kugonga kompyuta. Igihozo, binti yake, ndiye aliyekuwa akiziingiza kazi zake kwenye mashine na kuzichapa. Hakugeuka.

"Uliandika, baba. Wiki ile ya mvua nyingi. Umesahau tu."

Cansilde akamtazama Kadiri, akamtazama binti, akarudi kwa Kadiri, na macho yake yakalainika kwa namna ambayo Kadiri hakuipenda.

"Bon," alisema. "Ni uzee, papa. Hata mi nasahauka kufunga mulango." Akamsogezea ule mfuko, na sasa maneno yake yalitoka moja moja, kama anamlisha mtoto. "Kula. Mandazi. Ingali. Moto."

Kadiri alikula andazi moja kwa adabu.

*

Kazi ya duka lile ilikuwa na utaratibu wake, na Kadiri ndiye aliyeuweka. Mteja analeta majina, Kadiri anayaandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi nyeupe, Igihozo anaipiga picha ile karatasi na kuchapa kadi. Herufi za kulala zilikuwa za majina, za dua na za shukrani. Saa, mahali na namba ya simu viliandikwa kwa herufi za kusimama, zile za kompyuta, kwa sababu, Kadiri alisema, mtu anayetafuta ukumbi wa harusi huku moto, ile pikipiki ya kukodi, inamngoja hataki urembo. Ukilaza ukurasa mzima, unamchosha msomaji. Na ile alama ya anwani ya imeli, ile a iliyojifungia ndani ya mkia wake, hajapata kuiandika maishani. Wateja walimsihi. "Hiyo ni mtoto wa mashine," aliwajibu, "mashine yenyewe iilee." Na Igihozo alipomwomba siku moja ruhusa ya kuziingiza herufi zake zote kwenye kompyuta ziwe zinapigwa kwa vidole, alikataa, na hapo maneno yakaisha. Angalau yeye alijua yameisha.

Baada ya kadi ya Igor, zikaja nyingine. Kadi ya kumpa mtoto jina. Shukrani za familia iliyofiwa, zimebandikwa dukani kwa mwuza dawa. Cheti cha kwaya. Kila mahali alikuta mkono wake, na kila mahali kichwa chake kilikuwa kitupu. Akimwuliza Igihozo, jibu lilikuwa lilelile, na kila mara linatoka kwa sauti ndogo zaidi: "Uliandika, baba."

Kadiri alichanganyikiwa, tena si kidogo. Alijijaribu. Alitaja majina ya wanafunzi wenzake wa chuoni, akayamaliza. Alisoma kwa moyo sura ndefu ya Kurani akiwa peke yake, hakukosea. Alikumbuka bei ya wino ya mwaka juzi na rangi ya gauni alilovaa mkewe siku ya posa. Basi ni ugonjwa gani huu unaochagua, unaoacha kila kitu na kula kadi tu? Akaanza kuogopa kalamu. Akikaa kuandika, mkono uliokuwa ukitetemeka kidogo ukawa unatetemeka sana, na Igihozo akawa anamwambia kwa upole, "Acha baba, leo kazi si nyingi."

Mkewe Nyirahabimana alikuwa mwanamke wa vitendo. Mara tu aliposikia, alianza kumwuguza. Alichukua funguo za duka na kuzifunga kwenye pembe ya khanga yake. Aliandika namba ya simu kwenye kipande cha kitambaa, na Sulaiman, mdogo wake Kadiri aliyekuwa fundi cherehani, akakishonea ndani ya koti la kaka yake. Siku funguo za kabati zilipopotea, Kadiri ndiye aliyekuwa amezipoteza. Chumvi ilipozidi mchuzini, ni Kadiri aliyeongeza bila kujua. Na msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja aliinama, akamtafutia viatu, akampangia mbele ya miguu. "Hivi hapa, muzee. Hivi ni vyako."

"Najua ni vyangu," alisema Kadiri.

"Ndiyo, muzee," alisema kijana, akamshika mkono kwenye ngazi.

*

Walimpeleka kliniki wote watatu: mke, mdogo, na binti. Nesi alikuwa msichana mpole, na upole wake ulimuumiza Kadiri kuliko ukali.

"Muzee, leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Tuko mji gani?"

"Gisenyi. Siku hizi wanaandika Rubavu."

Nesi akavua saa yake, akaiinua. "Na hiki kinaitwaje?"

Kadiri aliitazama ile saa. Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waligeuza nyuso ukutani kumwonea haya. Pembeni yao Igihozo alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti, akitazama sakafu.

"Ni saa," alisema Kadiri. "Na iko nyuma."

Majibu yote yalikuwa sawa. Nesi akasema ni dalili njema, lakini magonjwa haya huanza hivihivi, mgonjwa anajibu vizuri mbele ya wageni. Apumzike. Aondolewe kwenye kazi ya kufikiri. Nje ya mlango, Nyirahabimana na Sulaiman wakashauriana kana kwamba hayupo. Sulaiman alikuwa na nyumba Kanama, katikati ya mashamba ya maharage, na mkewe yuko huko. Hewa nzuri, hakuna kelele, hakuna kadi.

"Atakaa mupaka lini?" Nyirahabimana aliuliza.

"Mupaka atakuwa muzuri," alisema Sulaiman.

Kadiri alijua maana yake. Watu wanaopelekwa milimani kupumzika hurudi kwa mazishi ya wengine au kwa ya kwao. Alimgeukia binti yake.

"We unasemaje, Igihozo?"

Igihozo alifungua mdomo. "Mi sijui, baba," alisema, akakimbilia njiani kusimamisha pikipiki kabla hawajaihitaji.

Usiku ule Kadiri hakulala, na hakumwambia mtu.

*

Asubuhi ya safari Sulaiman alikuwa na mzigo. Alikuwa ameshona aproni za wapishi wa hoteli moja ya kando ya ziwa, na ilibidi azifikishe kabla hawajaenda kituoni kupanda gari la Kanama. Kaka yake alibeba begi dogo. Nyirahabimana alikuwa amepanga ndani yake shuka, kanzu, dawa za kifua na kalamu zote, zimefungwa kwa mpira. Kalamu aliziweka za nini, Kadiri hakuelewa. Labda kama mtu anavyozikwa na fimbo yake.

"Kaa hapa, kaka. Usiende popote. Nakuletea fanta," alisema Sulaiman, akamkalisha kwenye kiti cha bustani, akaingia jikoni na furushi lake.

Mezani palikuwa na menyu. Kadiri hakutaka kuitazama. Tangu mbali alishaona kuwa ni mkono wake. Lakini macho ya mtu hufuata kazi yake. Sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, zimelazwa. Brosheti, mishkaki ya mbuzi, imelazwa. Bei, zimelazwa. Hata saa za kufungua jiko zimelazwa, ukurasa mzima umeinama kulia, akahisi shingo yake nayo inataka kuinama. Basi hata akili ya kutenganisha jina na bei imenitoka, alifikiri. Nimeandika uchafu huu.

Akateremka na macho hadi chini kabisa, kwenye anwani. Hapo akasimama.

Ile a ilikuwa ndani ya mkia wake. Imelala.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Ilikuwa bado pale, imevaa kiatu kidogo cha kuchongoka kama ndugu zake wote, mkia umezunguka kutoka chini kwenda juu kwa mtindo wa g yake. Mtu anaweza kusahau alichofanya. Kadiri alikuwa tayari amekubali kwamba amesahau kadi, amesahau cheti, amesahau shukrani za wafiwa. Lakini hiki hajapata kukifanya. Hakujua hata kalamu ingeanzia wapi.

Akacheka. Mhudumu aliyekuwa akipita alimwona mzee peke yake akiicheka menyu, akaenda haraka kumwita Sulaiman. Sulaiman alipotoka na chupa ya fanta mkononi, kiti kilikuwa kitupu, na menyu haikuwepo.

*

Duka halikuwa mbali, lakini ni mlima. Kadiri alifika anahema. Igihozo alikuwa peke yake. Alimwona, akaona begi, akasimama.

"Baba, gari imekuacha?"

Kadiri akaiweka menyu juu ya vitufe vya kompyuta, akaweka kidole kwenye alama.

"Hii ni nini?"

"Ni... ni ya imeli."

"Najua ni ya imeli. Nani aliilaza?"

Mashine ya fotokopi ilikuwa ikiendelea kutema karatasi za mtu. Igihozo aliizima. Akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye boksi la karatasi.

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile kadi ya harusi ya Uwingabire." Alisema akitazama mikono yake. "Uliandika jina lake, mukono ukatetemeka, ukatupa. Ukaandika tena, ukatupa. Ukasema utamaliza kesho. Na kesho yake wenyewe bako hapa mulangoni, banangoja. Nikachukua herufi kwenye kadi za zamani, moja moja, nikazisafisha, nikapanga jina. Haukuona. Donc nikaendelea, mupaka nikapata zote. Zile hazikuwepo nikazitunga."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, ndiyo."

"Na Cansilde alipokuja hapa?"

"Niliogopa. Neno ilitoka yenyewe. Nilifikiri utasema, aa, kweli, na itaisha."

"Haikuisha."

"Haikuisha, baba."

Kadiri alivuta kiti, akakaa. Ilimjia hasira, ikamjia nafuu. Hakujua ipi ni ipi, mtu mzima mwenye akili timamu asiyejua alie au apige meza.

"Kuchukua herufi zangu," alisema mwishowe, "nimekusamehe. Ni za nyumbani, ungezirithi. Lakini we ulikuwa kliniki, Igihozo. Ulikaa kwenye benchi. Yule mutoto alininyanyulia saa usoni, ananiuliza inaitwaje, na watu wananionea haya. Ulijua mi ni muzima. Ulijua peke yako, dunia nzima. Ukatazama sakafu."

Igihozo alilia. Hakujificha uso.

"Kila siku nilisema kesho nitasema. Nikiona mama amekuongezea kosa ingine, nikaona sasa imekuwa kubwa, siwezi tena."

"Mi nilikuwa naogopa kulala," alisema Kadiri. "Nilifikiri nitaamuka sijue jina lako."

Hapo Igihozo alifunika uso.

Kadiri akaivuta menyu tena, kwa sababu macho yake hayakuweza kuiacha. Ile a ndani ya mkia. Ilikuwa imekaa vizuri mno, na jambo hilo lilimkera.

"Ulitoa wapi hii?"

"Nilitazama a yako," alisema binti kutoka nyuma ya viganja, "nikaizungushia mukia ya g."

"Mkia umezidi unene. Na bei hazilazwi. Nani alikwambia ulaze bei?"

"Wenye hoteli balitaka."

"Wenye hoteli wakitaka uwaandikie kwa mguu, utaandika?" Akasimama, akachukua begi. "Inuka. Funga duka. Kila mlango uliopokea kadi yako utabisha, na utasema maneno haya: baba yangu hakusahau, mimi niliongopa. Mimi nitasimama nje. Na mlango wa kwanza ni wa mama yako."

*

Nyirahabimana alikuwa akichambua maharage uani, na Sulaiman, aliyefika mbio akidhani kaka yake amepotea ziwani, amesimama mbele yake na chupa ya fanta bado mkononi. Igihozo alisema yote akiwa amesimama. Hakuacha kitu, wala hakujitetea. Alipomaliza, mama yake alibaki na kiganja cha maharage hewani.

"Na chumvi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika. "Na funguo ya kabati?"

"Chumvi sijui, mama. Funguo iko kwa pochi yako nyeusi. Niliona jana."

Nyirahabimana aliweka maharage chini. Akafungua pembe ya khanga, fundo likamshinda, akalifungua kwa meno, akatoa funguo za duka. Alimpa mumewe kwa mikono miwili, na macho hakuweza kuyainua. Kadiri alizipokea naye kwa mikono miwili, ili asimwaibishe. Sulaiman alitoa wembe wake wa kazi, akaomba lile koti, akaanza kufumua kitambaa chenye namba, uzi baada ya uzi, akisonya kila mara kwa sababu alikuwa amekishona imara.

Wakapanda Nengo jioni hiyohiyo, baba na binti. Njiani watu walimsalimu Kadiri polepole, kwa sauti ya juu, wakimwuliza anakwenda wapi na kama nyumbani wanajua. Fundi baiskeli mmoja alimwambia Igihozo, sio yeye, "Shikilia muzee, barabara ni mbaya." Kadiri aliitikia kila salamu. Alielewa sasa kwamba uongo huu umekwenda mbali kama kadi zenyewe, na kwamba kuna milango mingine hawataifikia.

Kwa Cansilde alibaki nje ya geti. Alisikia sauti ya binti yake ndani, ndogo, ikikatika na kuanza tena. Sauti ilipoisha Kadiri akajikuta anaogopa, kwa maana kama mama huyu hataamini, nani ataamini? Atatoka hapa na bakuli la uji, alifikiri. Atanishika mkono.

Geti likafunguliwa kwa kishindo. Cansilde alikuwa na mwiko mkononi.

"Yewe Kadiri, donc mi nalipia mukono ya mutu, munanipatia mashine, na mi nazunguka Gisenyi yote naimba Kadiri Kadiri, nakuletea na mandazi, mandazi ya mayai, nakuonea huruma kanisani mupaka nilikuombea, nilisimamisha ibada nikakuombea, we Muislamu muzima, sasa ile maombi ni nani atairudisha, sema, na binti yako anakuja hapa na machozi utasema mi ndiye nilikosa, na bei yenyewe muliongeza, usifikiri sikuona, niliona, nilinyamaza sababu nilisema muzee ni mugonjwa..."

Maneno yalikanyagana, yakasukumana, mengine yakatoka mawili mawili. Majirani walichungulia. Igihozo alisimama nyuma yake ameinamisha kichwa, na yeye alipata sehemu yake kila Cansilde alipogeuka.

Kadiri aliweka begi lake chini, akaegemea ukuta. Ilikuwa siku nyingi hajagombezwa.

Cansilde akaishiwa na pumzi. "We, unanisikia?"

"Nakusikia, mama," alisema Kadiri. "Endelea."